Shaba Katika Bahari ya Sebuleni

Samaki walikuwa wazima. Hilo ndilo lililotutia shaka. Siku ya ishirini na moja baada ya kuhamishiwa kwenye tangi jipya, samaki wote wa Mzee Salim waliogelea kama kawaida, wakala, wakafukuzana, ilhali kila kiumbe kisicho na mfupa kilichohama nao kilikuwa kimekufa au kinakufa: konokono wameanguka chali mchangani, kamba wamegeuka weupe kama waliochemshwa, matumbawe yamebanduka nyama na nyama hiyo inaelea kama karatasi iliyolowa. Ndipo Shabani, mzamiaji aliyekuwa akituletea maji ya bahari kila wiki, alipoingiza mkono hadi begani kwenye pembe ya kushoto ya tangi, akapapasa mara moja tu, akautoa. Kiganjani mwake palikuwa na kipande cha shaba kilichokunjwa mara tatu. Kwenye ukingo wake yalionekana maandishi. Hakuna aliyemshukuru kwa kukipata. Tulimuuliza amejuaje pa kukitafuta.

Nimeandika habari magazetini kwa miaka mingi, na wanaoanza kazi huniuliza ni habari gani iliyonifundisha kuuliza maswali. Huwa nawatajia kesi moja ya mahakamani, kwa sababu inaeleweka upesi. Si kweli. Iliyonifundisha ni ile ambayo sikuuliza, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, katika nyumba ya Mzee Salim mtaa wa Usagara. Nimeikumbuka upya kwa sababu mwezi uliopita nilirudi katika nyumba ile kwa hitima ya Bi Zuwena, mkewe. Mzee mwenyewe alitangulia zamani. Niliingia kwa mlango wa uani kama nilivyozoea, nikavua viatu, na kabla sijampa mkono mtu yeyote nikajikuta natazama ukuta ulio kando ya mlango wa jiko, pale nilipokuwa nimepigilia karatasi yangu ya sheria. Karatasi haipo. Matundu ya misumari bado yapo, yamejaa chokaa.

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kuwa macho ya Mzee Salim. Yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho katika yote mawili, na alikuwa akiahirisha kupasuliwa kwa visingizio ambavyo Bi Zuwena alikuwa amevihifadhi kama juzuu. Saa mbili asubuhi nilifika, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kugeuka, nami nikasimama mbele ya kioo na daftari langu. “Haya, nisomee bahari,” alikuwa akisema. Nilimsomea: joto la maji, kipimo cha chumvi, kitatange amekula au amesusa, konokono wangapi wamepanda kioo, lile ua la bahari lenye vidole limekunjua au limejifumba. Akisikia limejifumba aliiacha chai yake ikapoa. Alisema bahari haidanganyi ila msomaji wake anaweza kudanganya, kwa hiyo nisiandike ninachodhani, niandike ninachoona na saa niliyokiona. Nilikuwa mpenda utaratibu hata kabla ya hapo. Pale nikawa mlevi wa utaratibu, wakaniita Karani. Niliandika mpaka nani kaingia sebuleni na nani katoka, kwa sababu Mzee aliamini kuwa kila mtu huingia na kitu mikononi mwake: manukato, vumbi, majivu ya sigara, husuda.

Sebule yenyewe ilikuwa ndefu, ya dari ya juu, zulia jekundu lililopauka upande wa dirisha, kabati la vyombo vya wageni ukutani, na kando ya dirisha la kaskazini tangi la zamani likiwa juu ya matofali ya saruji. Majirani waliliita bahari ya sebuleni. Lilikuwa limeishi miaka kumi na mmoja. Mzee alikuwa ameanza na mawe machache, kwa kibali, na mengine yote aliyaotesha mwenyewe: alikata vipande vya matumbawe akavipachika juu ya mawe kama mtu apandavyo vijiti vya muhogo, akavingoja. Kufikia mwaka ule lilikuwa limefurika. Matumbawe yalikuwa yamefikiana, na matumbawe yakifikiana huchomana. Kila wiki niliandika mahali papya palipopauka. Chakula hatukula pale. Bi Zuwena alitandika mkeka ukumbini, akatuletea changu wa kupaka na wali wa nazi, na Mzee alikuwa na dua na mzaha wake mmoja usiobadilika: “Tule huku huku. Si adabu kuwala watu mbele ya jamaa zao.”

Bi Zuwena alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache kwa watu wa nyumbani na mengi kwa jirani kupitia ukuta wa uani. Kila asubuhi baada ya kazi za jikoni alikaa kwenye kiti cha mkeka, akaweka msahafu juu ya marufaa, akasoma kwa sauti ya chini yenye mwendo mzuri sana. Nilizoea kupanga saa zangu kwa kisomo chake. Naeleza hili kwa makusudi, kwa kuwa juu yake nilijenga kosa langu lote. Nilimwona mtu anayesoma kila siku, nikaandika kichwani mwangu: huyu anasoma.

Karatasi ya sheria ilitokana na kitabu kinene cha Kiingereza alichokuwa nacho Mzee kuhusu matangi ya namna ile. Alinitaka nichambue sheria saba kwa Kiswahili, niziandike kwa herufi kubwa, nizipigilie mahali ambapo kila mtu wa nyumba hupita. Kwanza, mikono ioshwe kwa maji matupu, bila sabuni. Pili, dawa ya mbu isipulizwe. Tatu, udi na ubani visifukizwe sebuleni. Nne, shaba marufuku, iwe pete, waya, birika au chochote. Hiyo ya nne Mzee alinieleza mwenyewe kwa urefu: shaba kidogo tu ikikaa ndani ya maji ya chumvi huyayuka, samaki wanaivumilia, ila viumbe wasio na mfupa inawamaliza mmoja mmoja. Siku nilipoipigilia Bi Zuwena alikuwa amekwenda Nguvumali kwa dada yake. Shabani ndiye aliyekuwapo, ameshusha mapipa ya maji, suruali imelowa hadi magotini. Alisimama akasoma kwa sauti ya mnadi.

“Nne, shaba marufuku. Ala! Karani, mbona umenitaja? Imebaki ‘ni’ tu nifukuzwe.”

“Wewe si shaba,” Mzee akamjibu kutoka sebuleni. “Wewe bati.”

“Bati haliliwi na chumvi, Mzee?”

“Ndiyo maana nimesema bati. Utaliwa wewe.”

Tulicheka wote watatu. Jioni Bi Zuwena aliporudi alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu, buibui bado iko mabegani, mikono kaifumbata nyuma kama mkaguzi. “Umeandika vizuri, Karani,” alisema. “Mistari imenyooka.” Nilifurahi. Katika maisha yangu yote ya uandishi sijawahi kusifiwa nikafurahi vile, na ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kusikia alichokisema.

Uamuzi wa kujenga tangi jipya ulikuja baada ya mfungo sita. Fundi vioo aliletwa kutoka Pongwe, Mdigo mcheshi aliyeitwa Mwakombo, akapima sebule kwa hatua zake, akasema tangi la ukubwa anaoutaka Mzee, mara nne ya lile la zamani, halitapita mlangoni. Itabidi lijengwe mle mle ndani, na likishajengwa halitoki tena. “Mzee, hili si tangi,” alisema. “Hili ni kaburi la nyangumi. Uwe na hakika.” Mzee alisema ana hakika. Kwa wiki tatu nyumba ilinuka siki kutokana na gundi ya vioo, hata chai ilionja siki, na watu wakaanza kuja kutazama. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kama ningekuwa nayatazama vizuri. Kila mgeni aliingia na neno. Mama mmoja wa nyumba ya pili aliweka mkono kifuani, akasema, “Kubwaa!” akatoka bila kusema mashaallah, na Bi Zuwena akamtazama mgongoni mpaka alipopinda kona. Mzee akaagiza pazia. Nami nikaagizwa niandike wageni wote, hata waliokuja kuomba chumvi.

Hata sisi wa ndani tulianza kutazamana. Ndugu wa Mzee aliyeko Muscat alikuwa ameahidi kutuma mashine ya kusafisha maji, na Mzee alilitaja hilo wakati wa chai, mbele ya Shabani, bila kufikiri. Mashine hiyo ingefanya maji ya kila wiki yasihitajike tena. Shabani alikuwa na kawaida ya kuondoka na boti wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, akaenda mbali ambako matope ya mto hayafiki, akarudi na mapipa yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na sifa yake mjini. Aliweka kikombe chini. “Hiyo mashine itakunywa chai?” aliuliza. Mzee akacheka, akasema kazi haitakosekana. Shabani hakucheka. Niliandika: Shabani hakucheka. Sijui kwa nini niliona inafaa kuandikwa. Tangu wiki ile mkono wangu ulikuwa mwepesi kuandika mambo ya namna hiyo.

Na uani nilisikia maneno mengine, ambayo sikuyaandika. Nilikuwa nakuna nazi, Bi Zuwena yuko ukutani na jirani yake, wakizungumzia mtoto wa jirani aliyehamia nyumba mpya.

“Kahamia hivi hivi?” Bi Zuwena aliuliza. “Bila zindiko?”

“Eti wasomi. Hawaamini.”

“Hawaamini. Hata kuku humhamishi banda bila bismillahi na kitu cha kumlinda. Roho si roho?”

“Mwambie wewe. Mimi kanishinda.”

Nilisikia mazungumzo ya nyumba ya watu wengine. Sikusikia nyumba yetu.

Tulihamisha kwa siku mbili. Alhamisi tulitandaza mchanga mpya uliooshwa mara saba, tukajaza maji mapya nusu. Ijumaa tukaanza kuvuta maji ya zamani kwa mpira, ili viumbe wahamie kwenye maji wanayoyajua, na baada ya hapo mawe, moja moja, kila jiwe kwenye ndoo yake, likifunikwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Shabani alibeba kila ndoo kama anabeba uji wa moto. Mzee alikaa kwenye kiti katikati ya sebule, haoni, anauliza. Liko wapi lile la zambarau? Limepanda juu, Mzee. Limeelekea wapi? Dirishani, kama zamani. Saa tano umeme ukakatika. Tukawasha jenereta uani, pampu zikaanza tena, lakini jenereta ilikuwa na kikohozi, ikabidi mtu akae karibu. Ilipofika saa ya Ijumaa, Mzee na fundi Mwakombo wakaenda msikitini. Shabani alisema atabaki, atasali adhuhuri pale pale, mtu hawezi kuacha viumbe nusu ya safari. Mzee alisita mlangoni. Nilikuona kule kusita. Nikaenda jikoni kumsaidia Bi Zuwena na pilau, nikiwa na daftari, nikaandika: saa sita na dakika arobaini, Shabani peke yake.

Nilichoandika kilikuwa kweli. Sasa niseme nisichoandika. Jenereta ilizima, nikasikia nyayo za Shabani zikikimbia kwenda uani kuiwasha, na ilichukua dakika kadhaa. Wakati huo huo Bi Zuwena alifuta mikono, akasema anakwenda kuchukua sahani za Ijumaa, zile za maua, ambazo zilikaa kwenye kabati la sebuleni. Alirudi na sahani. Sikuandika kwamba aliingia. Haikunipitia hata akilini. Wageni niliwaandika, Shabani nilimwandika, fundi nilimwandika. Lakini mtu haandikwi kuwa ameingia chumbani kwake mwenyewe.

Wiki ya kwanza kila kitu kilichanua. Mzee aliletewa kiti mbele ya kioo na akakaa hapo kama anayeona. Siku ya tisa nilimsomea: konokono watatu hawajapanda kioo. Siku ya kumi na mbili: ua la bahari limejifumba, na asubuhi iliyofuata limejifumba bado. Alisema ni uchovu wa safari. Siku ya kumi na tano alinikatiza katikati ya sentensi. “Samaki je?” Wazima, Mzee. “Wote?” Wote. “Rudia sheria ya nne,” alisema. Nikairudia. Tangu hapo hakuamkiana na mtu vizuri. Alimwuliza Mwakombo kama gundi yake ina waya, Mwakombo akaapa. Aliniambia nivue bangili, nikazivua, zilikuwa za plastiki. Siku ya ishirini na moja akaagiza mchanga upekuliwe wote, na Shabani, kabla hata hatujaleta beseni, akakitoa kile kipande.

“Umejuaje?” Mzee alimuuliza.

“Pembe ile mchanga umetulia vingine. Nimekaa na bahari tangu sijaota meno, Mzee. Najua mchanga ulioguswa.”

“Umeguswa na nani?”

“Kama ni mimi, ningekitoa mbele yako?”

“Ungekitoa kazi yake ikishaisha.”

Bi Zuwena alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi. Alikitazama kile kitu kwenye kiganja cha Shabani. “Kwani shaba ina nini?” aliuliza. Mimi nilidhani anamtetea Shabani. Mzee alidhani anabishana. “Nenda jikoni, Zuwena,” alisema, na akanigeukia upande wangu. “Karani. Soma Ijumaa.”

Nikasoma. Sauti yangu haikutetemeka. Hilo nalikumbuka kwa aibu. Nilisoma kila ndoo na dakika yake, kila jiwe na mahali pake, mpaka nikafika saa sita na dakika arobaini, Shabani peke yake. Mzee akaniambia nirudi nyuma kwenye siku ya mashine. Nikarudi. Shabani hakucheka.

“Mjomba wako wa Pongwe anaandika nini?” Mzee alimuuliza Shabani.

“Anaandika hirizi. Kila mtu anajua.” Shabani alikuwa bado ameshika kile kipande, maji yanamchirizika kwenye kiwiko. “Na anawaandikia wengi, hata wa mtaa huu. Niulizeni basi nilichokiona siku ile.” Akatazama mlango wa jiko. Au aliitazama karatasi yangu, iliyokuwa kando ya mlango huo huo. Mpaka leo sijui alitazama kipi, na hakuna aliyemuuliza alichokiona, nikiwemo mimi niliyekuwa na kalamu mkononi. “Sheria ulizisoma?” Mzee alisema. “Ulizisoma kwa sauti, ukazifanyia mzaha. Tulikusikia.” Kutoka jikoni ikaja harufu ya wali unaoungua. Katika mwaka mzima niliokaa nyumba ile, ndiyo siku pekee Bi Zuwena aliyounguza chakula.

Shabani aliondoka kabla ya alasiri. Mzee hakutaka kipande kile kikunjuliwe. Alisema hafungui uchafu wa watu. Alimpa Bi Zuwena akakitupe baharini. Samaki walirudishwa nje ya mwamba kwa boti ya mtu mwingine. Mjini habari ilitangulia mbio, na wenye boti wakaanza kumkwepa Shabani, kwa kuwa nani atampeleka baharini mtu anayefukia vitu? Wakampa jina. Wakamwita Shaba, ile “ni” imekatwa, kama alivyotabiri mwenyewe kwa mzaha. Nilikutana naye mara moja tu, sokoni, akaniambia, “Karani, bado unaandika?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Haya,” akaendelea kuchagua nyanya. Miaka baadaye, nilipopata ujasiri wa kumtafuta, nilikwenda Pongwe. Mjomba alikuwa amefariki, na waliobaki walisema Shabani alivuka Pemba, wengine wakasema Mombasa. Nilimuuliza pia mwalimu mmoja wa sayansi kama kipande kidogo vile kingetosha kuua tangi zima. Alisema kingeweza. Alisema pia mchanga mpya ungeweza, na gundi mpya ingeweza.

Siku ya hitima sebule ilijaa wanawake, na tangi jipya lilikuwa pale pale, kwa sababu Mwakombo alisema kweli, halikuweza kutoka. Ndani yake mlikuwa na mikeka iliyokunjwa na mito. Baada ya kisomo na biriani, Thureya, binti yao, ambaye mwaka ule alikuwa masomoni Muscat na ambaye nilimjua kwa picha kabla sijamjua kwa sura, alinishika mkono akanivuta jikoni.

“Rehema, mama ameacha kitu chako,” alisema.

“Changu?”

“Nadhani ni chako. Wewe ndiye uliyekuwa Karani?”

Ulikuwa mkebe mdogo wa bati, wa mafuta ya nywele ya zamani. Juu yake palikuwa na kipande cha plasta, na juu ya plasta, kwa wino uliofifia, herufi za Kiarabu zilizopangwa kwa Kiswahili: wa Karani. Nilisoma mara mbili. Chuoni tulifundishwa kuzisoma, ila hatukuzoea kuona neno la jikoni limevaa herufi za msahafu.

“Kwa nini ameandika hivi?” niliuliza.

“Angeandika vipi?” Thureya alishangaa. “Mama hakuzijua hizi zetu za shule. Hakupelekwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua, hata dawa zake nilimwandikia kwa Kiarabu ni ipi ya asubuhi. Nilipokuwa Muscat alimngoja baba. Baba alipopofuka, sijui alimngoja nani.”

Niligeuka nikatazama matundu ya misumari. Nilimwona tena amesimama pale, buibui mabegani, anatazama sheria saba nilizoandika kwa herufi kubwa ili kila mtu wa nyumba azione. Mistari imenyooka. Hicho ndicho alichoweza kukisoma, na ndicho alichonisifia. Nikasikia tena kwani shaba ina nini, na safari hii nikasikia kwamba lilikuwa swali.

Niliufungua mkebe: ndani mlikuwa na kile kipande cha shaba, bado kimekunjwa mara tatu. Nilimweleza Thureya yote, kwa mpangilio, kama ninavyojua. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa sauti iliyopoa, “Kwa hiyo unataka kusema ni mama.” Nikamwambia sitaki kusema lolote. “Unataka,” alisema. “Umekuja nalo kutoka mlangoni.” Nikamwuliza, kama si yeye, kwa nini alikihifadhi badala ya kukitupa? Akaniuliza kama mimi ningetupa kitu ambacho huenda kina aya ndani yake. Nisingetupa. Nikamwuliza kwa nini aliandika jina langu juu yake. Aliuvuta mkebe akauweka kati yetu.

Tulikikunjua juu ya meza ya jikoni, kwa uma na kisu cha siagi, polepole. Chumvi haikuwa imeoshwa, na miaka yote hiyo iliendelea na kazi yake. Shaba ilikuwa kijani, imetoboka kwenye mikunjo, maandishi karibu yote yamelika. Zindiko hubeba jina la anayelindwa, hirizi ya kumfunga mtu hubeba jina la anayefungwa. La jina hilo ilibaki herufi moja tu ya mwanzo, upande wa kulia: meno matatu. Meno hayo yakiwa matupu ni sini, na sini ni Salim, na kitu kile ni mapenzi ya mke kwa mumewe, na Shabani tulimtoa bure. Yakiwa na nukta tatu juu yake ni shini, na shini ni Shabani. Hapo ama alijizindikia mwenyewe asiachishwe kazi, ama kuna mtu alitaka atoke katika nyumba ile, akafaulu.

“Nukta hizo,” Thureya alisema papo hapo. “Shini.”

“Hayo ni matundu ya kutu,” nilisema mimi. “Sini.”

Tulitazamana. Kila mmoja wetu alikuwa ameona alichokihitaji. Akaenda chumbani kwa mama yake, akarudi na kioo cha kukuzia ambacho Mzee Salim alikuwa akisomea kabla macho hayajafa, akakifuta kwa kanga yake, tukakiinamia pamoja chini ya dirisha la jikoni, vichwa vinagusana. Tulikubaliana: zikiwa tatu ni nukta, zikipungua ni kutu. Tulihesabu alama zilizokuwa juu ya yale meno, yeye kimoyomoyo, mimi kwa sauti, na tukarudia kuhesabu.

Zilikuwa nne.